Manahodha Wawili Waliofuata Dhahabu

Katikati ya Johannesburg, pembeni mwa Park Station, kuna barabara iitwayo Wanderers. Teksi za mtaa wa Noord hupiga honi hapo tangu alfajiri, na wasafiri wa Harare, Lusaka na Maputo hupita na mabegi wameyakumbatia kifuani. Wachache wanajua kwamba ardhi hii ya reli iliwahi kuwa uwanja wa kriketi. Rais Paul Kruger aliitoa kwa ajili ya michezo, na klabu ya Wanderers ikaanzishwa mwaka 1888, miaka miwili tu baada ya mji wenyewe kuzaliwa kwa sababu ya dhahabu.

Mwaka mmoja baadaye, vijana wawili wa Kiingereza waliamua kubaki katika mji huo wa vumbi na mahema. Mmoja aliitwa Charles Aubrey Smith, mwingine Montague Bowden, ambaye wenzake walimwita Monty. Wote wawili walikuwa wametoka kuwa manahodha wa England. Wote walikuwa wachezaji wa ridhaa, yaani hawakulipwa mshahara kwa kucheza. Na wote walibaki kwa sababu walihitaji pesa.

Hapo ndipo penye utamu wa kisa chao. Ridhaa ya zama za Malkia Victoria imesifiwa mno: moyo wa kucheza kwa ajili ya mchezo, mikono isiyoshika ujira. Sifa hizo zina ukweli ndani yake. Lakini maisha ya Smith na Bowden yanaonyesha jinsi moyo huo ulivyohitaji mfuko wa kuulisha, na jinsi mfuko huo ulivyotafutwa, safari hii, kwenye udongo wa Afrika.

Kwanza, neno lenyewe lilikuwa na uzito gani? Katika kriketi ya Uingereza ya wakati ule wachezaji waligawanywa makundi mawili, waungwana na wa kulipwa. Muungwana alikuwa na baba mwenye nafasi, shule ya bweni ya gharama na mara nyingi chuo kikuu cha Oxford au Cambridge. Mwenzake wa kulipwa alikuwa mtoto wa fundi, mfumaji au mchimba makaa. Walichezea timu moja, wakapata ushindi mmoja, lakini wakabadilisha nguo vyumba tofauti na kuingia uwanjani kwa mageti tofauti. Hata karatasi ya matokeo iliwatenganisha: muungwana aliandikwa herufi za majina yake mbele ya jina la ukoo, mwenzake nyuma. Unahodha nao ulikuwa mali ya waungwana. Ilibidi kusubiri hadi 1952 ndipo Len Hutton awe mchezaji wa kulipwa wa kwanza katika karne ya 20 kukabidhiwa timu ya England.

Mfumo huo ulikuwa na uongo wake wa wazi. W. G. Grace, daktari mwenye ndevu nyingi na mchezaji maarufu kuliko wote wa karne ile, alihesabiwa kuwa wa ridhaa, na bado kriketi ilimwingizia fedha nyingi kuliko mchezaji yeyote wa kulipwa. Zikaitwa gharama za safari.

Aubrey Smith alilingana na mfumo huo kama ufunguo na kufuli. Alizaliwa London mwaka 1863, baba yake akiwa daktari. Alisoma Charterhouse, kisha Cambridge, ambako alichezea timu ya chuo miaka minne mfululizo kuanzia 1882. Alijiunga na mkoa wa Sussex na mwaka 1887 akawa nahodha wake. Alikuwa mrefu, mrushaji mpira mwenye mbio za ajabu: hakuja kwa mstari ulionyooka kama wenzake. Alianzia pembeni kabisa, akazunguka kwa upinde, na mara nyingine alijitokeza ghafla kutoka nyuma ya mwamuzi wakati mpigaji hajajua atatokea upande gani. Wakampa jina la Round the Corner, na lilimfuata hadi kaburini.

Majira ya baridi yalipoingia na viwanja vya kriketi kufungwa, Smith aligeukia kandanda. Alicheza winga ya kulia katika Old Carthusians, timu ya waliosoma Charterhouse, na katika Corinthian, klabu iliyoanzishwa London mwaka 1882.

Corinthian inastahili aya zake. Ilikuwa klabu isiyotaka kombe wala zawadi; kanuni zake zilikataza kushindania tuzo, kwa hiyo kwa miaka mingi ilicheza mechi za kirafiki tu. Ungedhani timu ya namna hiyo ingekuwa dhaifu. Haikuwa. Mwaka 1884 iliifunga Blackburn Rovers, waliotoka kutwaa Kombe la FA, mabao 8 kwa 1. Mwaka 1894 na 1895 wachezaji wote 11 wa England waliocheza na Wales walikuwa watu wa Corinthian. Penalti ilipoanzishwa mwaka 1891 wao waliiona kama tusi, kwa maana ilidhani muungwana anaweza kumchezea mwenzake rafu kwa makusudi. Inasimuliwa kwamba wakipewa penalti waliipiga nje, na wakipigiwa, kipa wao alisogea kando.

Klabu hiyo ilisafiri sana, na safari yake ya kwanza ng'ambo ya bahari ilikuwa Afrika Kusini, mwaka 1897. Ilirudi 1903 na 1907. Baadaye ikafika Brazil, na mwaka 1910 vijana wa São Paulo wakaipa klabu yao mpya jina la Corinthians. Mashabiki wa soka wa Dar es Salaam na Mombasa wanaoijua timu hiyo ya Brazil wanalitaja, pasipo kujua, jina la waungwana wa London.

Turudi kwa Smith. Mwishoni mwa 1888 aliteuliwa kuongoza timu ya Waingereza iliyokusanywa na Meja Robert Warton, ofisa wa jeshi aliyewahi kukaa Cape Town. Hakuna timu ya kriketi ya Uingereza iliyokuwa imewahi kufika Afrika Kusini. Tajiri wa meli Sir Donald Currie aliunga mkono safari na kutoa kombe kwa timu ya wenyeji itakayowasumbua wageni zaidi. Kombe hilo, Currie Cup, lilikwenda kwanza Kimberley, mji wa almasi.

Kikosi chenyewe kilikuwa mchanganyiko. Walikuwemo wachezaji wa kulipwa hodari sana, kama Bobby Abel wa Surrey na Johnny Briggs wa Lancashire, na pembeni yao waungwana ambao kriketi yao ilikuwa ya klabu tu. Emile McMaster, kwa mfano, hakuwa amecheza hata mechi moja ya daraja la kwanza kabla ya safari hiyo, na hakucheza nyingine baada yake. Mechi yake moja ya maisha baadaye ilihesabiwa kuwa Testi, mechi ya kimataifa ya hadhi ya juu kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa: wachezaji wenyewe hawakujua. Tarehe 12 na 13 Machi 1889, mjini Port Elizabeth, Smith aliongoza Waingereza dhidi ya wenyeji. Alirusha mpira wake wa upinde na kuangusha wiketi 5 kwa mikimbio 19 tu. Wenyeji walitolewa kwa mikimbio 84, na wageni wakashinda kwa wiketi 8. Miaka ilipopita, watunza kumbukumbu waliamua kwamba hiyo ilikuwa Testi ya kwanza ya Afrika Kusini. Kwa Smith ilikuwa ya kwanza na ya mwisho, na aliicheza akiwa nahodha.

Mechi ya pili ilichezwa Cape Town siku chache baadaye. Smith aliugua homa, na Bowden akachukua nafasi yake. Alikuwa na umri wa miaka 23 na siku 144. Kazi kubwa ilifanywa na wale wa kulipwa: Abel alipata mikimbio 120, na Briggs akaangusha wiketi 15 kwa mikimbio 28, takwimu ambazo mtu huzisoma mara mbili kabla ya kuziamini. Wenyeji walitolewa kwa 47, kisha kwa 43. Hata hivyo sifa ya nahodha ilibaki kwa Bowden. Hajatokea nahodha wa England mwenye umri mdogo kuliko wake katika Testi za wanaume.

Timu iliporudi kwao, hao wawili hawakupanda meli. Walikwenda Johannesburg na kufungua biashara ya udalali wa hisa.

Ili kuelewa uamuzi huo inafaa kuitazama Johannesburg ya 1889 kwa karibu. Reli haikuwa imefika, ilikuja 1892. Kutoka Kimberley mtu alisafiri kwa gari la kukokotwa na farasi, siku na usiku, akila vumbi. Mji ulikuwa na nyumba za mabati, baa nyingi na soko la hisa lililoanzishwa 1887, kwenye kona ya Commissioner na Simmonds. Biashara ilikuwa kubwa kuliko jengo. Soko lilipofungwa jioni, madalali walimwagika barabarani na kuendelea kuuziana hisa, hadi serikali ikafunga kipande cha barabara ya Simmonds kwa minyororo ili magari yasiwakanyage. Mahali hapo pakaitwa Between the Chains. Leo ni mtaa wa benki na maduka ya simu, dakika chache kwa miguu kutoka Park Station.

Katika mji huo jina la nahodha wa England lilikuwa mtaji. Madalali walikuwa wengi kuliko wateja waaminifu, na muungwana ambaye magazeti yamemwandika alikuwa na mlango wa kupigia hodi. Haihitaji chuki kuona kinachotendeka hapa: mtu ambaye heshima ya mchezo ilimkataza kulipwa kwa kucheza aliitumia heshima hiyohiyo kuuza hisa.

Kriketi hawakuiacha. Aprili 1890 wote wawili walivaa nguo nyeupe za Transvaal na kwenda Kimberley kulidai Kombe la Currie. Bowden alipiga mikimbio 126 bila kutolewa, na kombe likahamia Johannesburg. Siku hiyo ingetosha kumfanya mtu apendwe mjini kwa miaka.

Lakini soko lilikuwa limekwisha kuanguka. Wachimbaji walipofika chini zaidi walikuta mwamba wa aina nyingine, wenye madini ya salfa, na zebaki waliyozoea kuitumia kukamata dhahabu haikuweza kuinasa vizuri. Habari zilipofika barabarani, hisa zilishuka thamani, kampuni zikafa, watu wakafunga mizigo. Tiba ilipatikana, njia ya kuyeyusha dhahabu kwa sayanidi iliyovumbuliwa Scotland, nayo ikaufufua mji wote. Kwa madalali wawili wanamichezo ilichelewa.

Bowden alifanya kama walivyofanya vijana wengi waliofilisika: alijiunga na msafara wa Cecil Rhodes, mwanasiasa na tajiri wa almasi, uliokwenda mwaka 1890 kuitwaa nchi ya Mashona. Waliahidiwa mashamba na maeneo ya kuchimba dhahabu, vyote vikiwa vya watu wengine. Walichokuta zaidi ni mvua, malaria na njaa. Tarehe 19 Februari 1892 Bowden alifia Umtali, mji ambao leo ni Mutare, Zimbabwe, katika hospitali iliyokuwa kibanda cha udongo. Alikuwa na miaka 26. Jeneza lake, wanasimulia, liliundwa kwa mbao za masanduku ya wiski, na mwili ulilindwa usiku ili simba wasiufikie.

Smith naye alikaribia kumtangulia. Aliugua vibaya huko Afrika Kusini hadi akatangazwa kuwa amekufa. Alipona, akarudi Uingereza, na kwa kuwa kriketi haikuweza kumlisha, mwaka 1892 akaingia jukwaani. Muungwana wa kriketi aliyekataa ujira wa uwanja akawa mwigizaji wa kulipwa, na kazi hiyo akaifanya zaidi ya nusu karne. Nadhani wasomaji wengi waliowahi kutazama filamu za kale wamekwisha kumwona bila kumjua. Yule mzee mrefu mwenye nyusi nene na mashavu yaliyokauka, jenerali au lodi mwenye msimamo, ndiye yeye.

Na Afrika ilimfuata hadi Hollywood. Mwaka 1931 alikuwa na sehemu ndogo katika *Trader Horn*, filamu iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo kwa gharama kubwa. Picha zilizobaki zilitumika tena mwaka uliofuata katika *Tarzan the Ape Man*, na humo Smith ni James Parker, baba yake Jane, mfanyabiashara wa pembe za ndovu anayetafuta makaburi ya tembo. Tarzan mwenyewe alikuwa Johnny Weissmuller, mwogeleaji aliyepata medali 5 za dhahabu za Olimpiki akiwa wa ridhaa. Ndani ya filamu moja, basi, kuna wanamichezo wawili wa ridhaa waliokuja kulipwa kwa kuigiza Afrika iliyojengwa studio.

Mwaka huohuo wa 1932 Smith alianzisha Hollywood Cricket Club. Mbegu za nyasi za uwanja zililetwa kutoka Uingereza. David Niven, Boris Karloff na Laurence Olivier waliitwa kucheza, na mwandishi P. G. Wodehouse aliandika kumbukumbu za kikao cha kwanza. Kwa waigizaji vijana waliotoka Uingereza, mwaliko wa mzee huyo ulikuwa karibu na amri. Nyumba yake ya milimani aliiita The Round Corner. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1944, akafariki Beverly Hills Desemba 1948 akiwa na miaka 85, na majivu yake yakapelekwa Hove, katika mkoa wa Sussex.

Uwanja wa Johannesburg nao uliendelea bila wao. Machi 1896 ulipokea Testi yake ya kwanza, na wakati ulikuwa mbaya. Miezi miwili kabla yake wanajeshi wa Leander Starr Jameson, mshirika wa Rhodes, walikuwa wamejaribu kuipindua serikali ya Kruger na kushindwa. Miongoni mwao alikuwemo Charles Coventry, mmoja wa waungwana wa kikosi cha Smith. Tarehe 19 Februari mabehewa ya baruti yalilipuka Braamfontein, makumi ya watu wakafa, na majengo ya Wanderers yakatumika kuwapokea majeruhi. Wiki mbili baadaye watu walikaa kutazama kriketi.

Katika timu ya England siku hiyo alikuwemo C. B. Fry, ambaye huenda ndiye kilele cha mwanamichezo wa ridhaa. Akiwa Oxford alifikia rekodi ya dunia ya kuruka chini. Alichezea Corinthian, akaichezea England kandanda mwaka 1901, na mwaka uliofuata akacheza fainali ya Kombe la FA na Southampton. Katika kriketi alifikisha mikimbio mia mara 94. Johannesburg alipiga 64. Lakini mtu aliyeiangamiza Afrika Kusini alikuwa George Lohmann, wa kulipwa, aliyeangusha wiketi 9 kwa mikimbio 28. Lohmann alikuwa na kifua kikuu na aliikimbilia hewa kavu ya Afrika Kusini ili aishi. Agosti ya mwaka huohuo alikuwa mmoja wa wachezaji watano waliodai paundi 20 badala ya 10 kwa kuichezea England. Wakubwa wa kriketi walikasirika, na hakuichezea England tena. Alifariki Matjiesfontein, kwenye nyika ya Karoo, mwaka 1901, akiwa na miaka 36.

Mwaka 1946 uwanja ulichukuliwa kwa ajili ya reli. Klabu ilihamia Illovo, kaskazini mwa jiji, na Wanderers mpya ikafunguliwa mwaka 1956. Huko ndiko ilikochezwa fainali ya Kombe la Dunia la 2003, siku tatu baada ya Kenya ya Steve Tikolo kutolewa na India katika nusu fainali pale Durban, mafanikio ambayo kriketi ya Afrika Mashariki haijayafikia tena.

Kuna jina lingine linalopaswa kukaa katika historia hii. Mwaka 1892 timu nyingine ya Waingereza ilicheza Cape Town na kikosi cha Wamalay wa Cape, na kijana aliyejulikana kama Krom Hendricks alirusha mpira kwa kasi iliyowashtua wageni, akaangusha wiketi 4. Timu ya Afrika Kusini ilipochaguliwa kwenda Uingereza mwaka 1894, Hendricks aliachwa kwa sababu ya rangi yake. Mmoja wa waliosimamia uamuzi huo alikuwa William Milton, msaidizi wa Rhodes, mtu yuleyule aliyekuwa nahodha wa wenyeji dhidi ya Bowden pale Cape Town mwaka 1889. Muungwana hakuombwa kipimo cha mpira. Aliombwa kipimo cha nasaba na ngozi.

Nje ya ua wa waungwana mpira uliendelea kuchezwa. Mwaka 1899 wachezaji 16 Weusi kutoka Orange Free State, wakiongozwa na Joseph Twayi, walikwenda Uingereza na kucheza mechi 49. Walikuwa timu ya kwanza ya kandanda kutoka Afrika Kusini kuzuru Ulaya, miaka kadhaa kabla ya Wazungu wa nchi hiyo kufanya hivyo. Na Johannesburg kwenyewe, wakili mmoja Mhindi mwenye ofisi kwenye kona ya Rissik na Anderson, Mohandas Gandhi, alisaidia kuunda timu ya soka iliyoitwa Passive Resisters. Wachezaji wake walikuwa wafuasi wa upinzani dhidi ya sheria za pasi. Wakati wa mapumziko watu waligawiwa vipeperushi na kuhutubiwa kando ya uwanja, na fedha zilizokusanywa kwenye mechi zilikwenda kwa familia za waliofungwa.